Felice Benuzzi: mfungwa wa vita aliyetoroka kambini Nanyuki akapanda Mlima Kenya, kisha akarudi

Mwezi Januari 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wafungwa watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza mjini Nanyuki. Ungetarajia wakimbilie mpakani au watafute njia ya kufika bandarini. Wao walielekea juu, kwenye theluji ya Mlima Kenya, wakiwa na kamba za mkonge walizotoa vitandani mwao, na picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Baada ya siku 18 walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wamekonda na wamechoka, wakajisalimisha.

Aliyebuni safari hiyo aliitwa Felice Benuzzi. Hakuwa jenerali wala mtu wa siasa. Hata hivyo, kitabu alichoandika kuhusu siku hizo 18 kinasomwa hadi leo na wapanda milima wa nchi nyingi, na watalii wengi wanaopita Nanyuki wakielekea mlimani wanalijua jina lake kuliko wenyeji wanaouona mlima huo kila asubuhi. Ndiyo maana wiki hii tumeona tuyasimulie maisha yake hapa.

Mtoto wa milima

Felice Benuzzi alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 16 Novemba 1910. Baba yake alikuwa Mwitaliano na mama yake Mwaustria. Alikulia Trieste, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Italia. Ukiwa Trieste, bahari iko mbele yako, na milima mikubwa ya Alpi haiko mbali nyuma yako. Kijana huyu alivipenda vyote viwili. Aliogelea kwa bidii hadi akaiwakilisha Italia katika mashindano ya kimataifa, na siku nyingine alikwenda kupanda majabali na marafiki zake.

Milima ya huko ina jambo ambalo sisi wa ukanda wa Ikweta hatulijui vizuri. Kwa miezi kadhaa kila mwaka, majira ya baridi huifunika kwa theluji. Njia hupotea, mito huganda, na mtu anayetembea bila kujipanga anaweza kufa karibu kabisa na nyumba ya watu. Anayekulia huko hujifunza mapema kuyasoma mawingu, kufunga kamba na kumwangalia mwenzake. Elimu hiyo Benuzzi alikuja kuihitaji mahali ambapo hakupatarajia.

Alisomea sheria katika chuo kikuu cha Roma. Mwaka 1938 alijiunga na utumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia, akapelekwa Ethiopia.

Hapa ni lazima tuseme mambo yalivyokuwa. Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia mwezi Oktoba 1935, ikatumia ndege na gesi ya sumu dhidi ya wananchi, na Mei 1936 ikauteka mji wa Addis Ababa. Benuzzi hakuwa katika jeshi lililovamia, lakini mshahara wake ulitoka kwa serikali iliyokalia nchi ya watu wengine kwa nguvu. Anayemsimulia kama shujaa wa milima tu huwa ameacha nusu ya habari.

Utawala huo haukudumu. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, yakiwa na askari wengi wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, yaliingia Ethiopia, huku wapiganaji wa Ethiopia wenyewe wakiwabana Waitaliano kutoka ndani. Addis Ababa ilikombolewa mwezi Aprili. Benuzzi akakamatwa, akatenganishwa na mke wake, na baadaye akaletwa Kenya.

Siku zisizo na kesho

Wakati huo Kenya ilikuwa na maelfu ya wafungwa wa Kiitaliano. Alama zao zipo hadi sasa. Lile kanisa dogo lililo kando ya barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu lilijengwa na wafungwa hao mwaka 1942. Yule mtawala mkuu wa Waitaliano katika Afrika Mashariki, Duke wa Aosta, alifariki Nairobi mwaka huohuo akiwa mfungwa, na kaburi lake liko Nyeri.

Benuzzi aliwekwa katika kambi namba 354, Nanyuki. Wafungwa hawakuwa wakifa kwa njaa. Kilichowatafuna kilikuwa kukaa bure. Mtu aliyefungwa kwa kosa hujua hukumu yake: miaka mitatu, miezi sita, siku kadhaa. Mfungwa wa vita hana hesabu hiyo. Hajui kama vita vitaisha mwaka huu au miaka kumi ijayo. Asubuhi ni kuhesabiwa, mchana ni kukaa, jioni ni kuhesabiwa tena. Watu waligombana kwa mambo madogo. Wengine walinyamaza kabisa.

Mlima Kenya, kama mnavyojua mnaoishi karibu nao, una tabia ya kujificha. Siku nyingi za mvua huuoni, ni mawingu tu. Benuzzi alikaa kambini kwa muda bila kuuona. Kisha alfajiri moja mawingu yakafunguka, na kilele cheusi chenye barafu nyeupe kikatokea juu ya seng'enge. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo la kufikiria. Kutoroka hadi nchi isiyokuwa vitani lilikuwa jambo gumu mno, kwani iliyokuwa karibu ilikuwa Msumbiji ya Wareno, zaidi ya kilomita elfu moja kusini. Lakini mlima ulikuwa pale pale. Angeweza kutoka, akaupanda, akarudi. Mradi huo ungemrudishia kitu ambacho kambi ilimnyang'anya: siku ya kuingojea.

Marafiki wawili na nyundo mbili

Mlima wa barafu haupandwi na mtu mmoja. Benuzzi aliwatafuta wenzake kwa miezi. Wengi walimcheka. Aliyemkubali kwanza kwa dhati alikuwa Giovanni Balletto, daktari, ambaye rafiki zake walimwita Giuàn. Yeye alikuwa mpandaji hodari. Wa tatu alikuwa Vincenzo Barsotti, aliyeitwa Enzo. Enzo hakuwa mpanda milima hata kidogo, na afya yake haikuwa nzuri. Lakini alikuwa mcheshi, mwenye moyo, na walihitaji mtu wa kubaki kwenye kambi ya chini wakati wawili wanapopanda kileleni.

Vifaa walivitengeneza kwa siri. Nyundo mbili zilifuliwa upya na mfungwa mwenzao zikawa mashoka ya kuchongea barafu. Vyuma vya gari bovu vilikatwa vikawa meno ya kufunga chini ya viatu ili visiteleze. Kamba zilitoka kwenye nyavu za mkonge za vitanda. Mablanketi yalishonwa yakawa nguo. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kutoka mgao wao, na sigara walizitumia kama pesa ya kununulia vitu kwa wafungwa wengine.

Ramani ya kweli hawakuwa nayo. Upande mmoja wa mlima waliuona kutoka kambini, wakawa wanauchora na kuutazama kila ulipojitokeza. Upande mwingine waliujua kwa ile picha ya kwenye mkebe wa nyama.

Ikabaki ya mlango. Nje ya uzio kulikuwa na shamba la mboga ambalo wafungwa waliruhusiwa kulima mchana. Benuzzi aliubana ufunguo wa geti lake kwenye donge la lami, alama ikabaki, na kutokana na alama hiyo ukatengenezwa ufunguo mwingine. Tarehe 24 Januari 1943 wakaondoka.

Baridi ya juu mlimani

Nanyuki iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Batian kiko mita 5,199. Kati ya hapo na pale kuna msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha vichaka, kisha nyika yenye mimea mirefu ya lobelia, kisha mawe, na mwisho barafu. Watatu hao waliufuata bonde la mto Nanyuki kuelekea juu. Siku za mwanzo hofu yao kubwa ilikuwa kukamatwa, kwa hiyo walijificha mchana na kutembea gizani. Walipozama msituni hofu ikabadilika. Huko ni kwa tembo, nyati na chui, na silaha yao ilikuwa zile nyundo.

Mizigo ilikuwa mizito. Njia haikuwapo. Walivuka mto mara nyingi, viatu vikalowa, na usiku vikawa baridi kama mawe.

Msikilizaji anaweza kujiuliza: baridi gani hiyo, na Ikweta inapita hapo hapo Nanyuki? Jibu ni mwinuko. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Kwa hiyo Nanyuki ikiwa na nyuzi 20 mchana, karibu na vilele maji yanaganda. Usiku ni vibaya zaidi. Wanaoujua mlima husema kwamba juu kule kila siku ina kiangazi chake na kila usiku una majira yake ya baridi.

Kuna na mawingu. Asubuhi na mapema kilele huwa wazi. Jua likipanda, hewa yenye unyevu huinuka kutoka mabondeni, na kufikia adhuhuri ukungu umefunika kila kitu. Kisha huja mvua, mvua ya mawe au theluji. Januari na Februari kwa kawaida ni miezi ya ukavu, ndiyo maana Benuzzi aliichagua. Lakini mlima haufuati kalenda.

Jambo la tatu ni hewa yenyewe. Karibu na kilele, kila pumzi unayovuta ina oksijeni karibu nusu tu ya ile ambayo mtu wa Mombasa anaivuta. Kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi hukimbia. Enzo, ambaye alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, alizidiwa. Ilibidi abaki kwenye hema chini ya vilele akiwasubiri wenzake, peke yake, katika baridi hiyo.

Tarehe 4 Februari: kugeuka

Tarehe 4 Februari, kabla hakujapambazuka, Benuzzi na Giuàn walianza kuipanda Batian kwa upande wa kaskazini magharibi. Batian si mlima wa kutembea. Ni jabali, na mpandaji hushikilia kwa vidole na kamba. Watu wa kwanza kufika kileleni, Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wawili wa kutoka Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika mwaka 1899 wakiwa na vifaa kamili. Baada yao ilipita miaka 30 kabla ya mtu mwingine kufika tena.

Wafungwa wawili, wenye lishe ya kambini na kamba za kitanda, walipanda hadi karibu mita 5,000. Hapo hali ya hewa ikageuka. Theluji ikaanza kuanguka, mawe yakafunikwa, mikono ikafa ganzi. Mbele kulikuwa na jabali lililosimama wima ambalo hata kwa siku ya jua lingewashinda wengi. Nyuma kulikuwa na njia waliyopandia, ambayo theluji ilikuwa inaifuta dakika baada ya dakika.

Hebu tuifikirie saa hiyo. Benuzzi alikuwa ameiota Batian kwa miezi. Alikuwa amehatarisha kupigwa risasi ili afike pale. Hakukuwa na nafasi ya pili, kwa kuwa chakula kilikuwa kinakwisha na adhabu ilikuwa inawangoja kambini. Ukiweka yote hayo kwenye mizani, ungedhani angesema tusonge, liwalo na liwe. Lakini chini kwenye hema alikuwapo Enzo, asiyeweza kushuka mlima peke yake, na pembeni yake Giuàn aliyefungwa naye kwenye kamba moja. Mmoja akiteleza, anakwenda na mwenzake, na wa tatu anabaki akisubiri watu wasiorudi. Wakageuka. Kushuka kwenyewe kuliwachukua hadi giza likaingia, na waliporudi kwa Enzo walikuwa wameishiwa nguvu kabisa.

Walipumzika siku moja. Tarehe 6 Februari wakainuka tena, sasa wakielekea Point Lenana, kilele cha tatu kwa urefu, mita 4,985, ambacho njia yake ni rahisi zaidi. Walifika. Wakaisimika bendera ya Italia waliyokuwa wameibeba tangu kambini, na wakaacha chupa yenye karatasi ya majina yao. Baadaye bendera hiyo ilionwa na wapandaji Waingereza, na habari ikaenea.

Tukumbuke pia kwamba vilele hivyo vilikuwa na watu wake kabla ya bendera yoyote. Kwa Wakikuyu mlima huu ni Kirinyaga, makao ya Ngai. Majina Batian, Nelion na Lenana yanatokana na viongozi wa dini wa Wamaasai, na aliyeyaweka ni huyo Mackinder.

Kurudi na njaa

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Chakula walichokipangia siku chache kilikuwa kimekwisha. Walitembea wakigawana makombo. Enzo, aliyekuwa dhaifu kuliko wote, aliteremka pamoja nao hadi chini. Tarehe 10 Februari wakaingia kambini kimyakimya, kisha wakajisalimisha kwa mkuu wa kambi.

Hukumu ilikuwa siku 28 za kufungiwa seli. Mkuu wa kambi, Mwingereza, alivutiwa na ushupavu wao, akawaachilia baada ya siku 7.

Vita viliisha mwaka 1945, lakini Benuzzi hakurudi Italia hadi 1946. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake kwa Kiitaliano, na mwaka 1952 kikatoka kwa Kiingereza. Kimeendelea kutafsiriwa na kuchapishwa tangu hapo. Yeye mwenyewe aliingia katika wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, akahudumu katika nchi mbalimbali, zikiwemo Australia na Pakistan, na akawa balozi nchini Uruguay. Alifariki Roma mwezi Julai 1988, akiwa na umri wa miaka 77.

Kinachotuhusu sisi wa chini ya mlima

Vijana wengi wa vijiji vyetu hupanda mlima huu kama wapagazi na waongozaji. Wengine huenda tu na marafiki, siku ya mapumziko, na koti moja. Kwao maisha ya Benuzzi yana mafunzo ya kutumia, hata kama hawatasoma kitabu chake.

La kwanza ni saa. Wazoefu huanza usiku ili wawe wameanza kushuka kabla mawingu hayajafika. Ukiona umechelewa, kilele kiache.

La pili ni nguo kavu. Nguo iliyolowa huunyonya mwili joto upesi sana. Nguo moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni inaweza kuokoa maisha.

La tatu ni dalili. Maumivu ya kichwa pamoja na kutapika, kuyumba kama mlevi, kuongea maneno yasiyoeleweka au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, ni ishara kwamba mwinuko umemshinda mtu. Asiambiwe ajikaze. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiteremke peke yake.

La nne ni taarifa. Benuzzi na wenzake hawakuwa na wa kuwaokoa, kwa sababu walikuwa watoro na hawakuweza kuomba msaada kwa mtu yeyote. Wewe si mtoro. Pita getini, andikisha jina, waambie wa nyumbani mnapitia wapi na mnarudi lini.

Benuzzi hakuwahi kusimama juu ya Batian. Kitabu kilichompa jina kinahusu kilele alichokikosa, na kiliandikwa kwa sababu tarehe 4 Februari 1943, katikati ya theluji, watu wawili walikubaliana kushuka kwenda kumchukua wa tatu.